Kiti cha Kushoto

Nilipotangaza kwamba nampeleka baba yangu likizo Kenya, kwa gari, kutazama milima, watu wa soko la Owino walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nauza mapazia. Kwenye kichochoro chetu likizo ni siku ya Idd, na siku ambayo maji ya mvua yameingia vibandani. Mtu akivuka mpaka, anarudi na marobota ya mzigo. Kusikia kwamba nitafunga kibanda wiki nzima, nichome mafuta, nipande mlima, niushuke, kisha nirudi mikono mitupu, kuliwafanya wanipapase paji la uso kuona kama nina homa.

"Milima gani?" aliuliza jirani yangu wa upande wa kulia. "Kwani hapa Kampala tunapanda nini kila siku? Ngazi?"

Jirani wa upande wa kushoto hakucheka. Ni Mkenya, mama wa makamo, mzaliwa wa kule juu Iten, muuza mashuka ya mitumba. Kwao huenda mara moja kwa mwaka, kwa basi la usiku, na tangu aje Kampala hajawahi kuiona njia ya kwao kwa mwanga wa jua. Alitoa simu yake akanionyesha picha aliyotumiwa kutoka kwao: ukingo wa barabara, kisha hakuna kitu, kisha mbali kabisa chini bonde lenye rangi ya majivu.

"Mpeleke," aliniambia. "Lakini mpeleke haraka."

Alisema haraka kwa sababu alijua habari ya macho.

Baba yangu aliendesha trela kati ya Mombasa na Kampala kwa zaidi ya miaka thelathini. Sisi ni Wanubi. Mababu zetu waliletwa hapa wakiwa askari, na wenzake Baba wengi walifuata njia hiyohiyo, wakaingia jeshini au polisi. Yeye alishika usukani. Nyumbani na mama, Mungu amrehemu, nilisema Kinubi. Na Baba nilisema Kiswahili, Kiswahili chake cha barabarani, kilichookotwa kila penye mizani na hoteli ya chapati kutoka Mombasa hadi hapa. Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu, na kila Jumamosi aliiendesha mpaka Ggaba, ufukweni mwa ziwa, kununua samaki. Hakuna aliyemtuma. Samaki wanauzwa hata hatua mia kutoka mlangoni petu.

Siku moja kule Ggaba, akiegesha, alipindua beseni la mama mmoja muuza samaki. Ngege wakatapakaa kwenye tope. Yule mama akapiga kelele, "Mzee, huoni?" Baba akanunua beseni zima kwa aibu, tukala ngege wiki nzima mpaka paka akawa anawakataa. Lakini swali la yule mama lilibaki. Daktari alisema ni presha ya macho. Ugonjwa huo, alinieleza, unaanzia pembeni na kuingia ndani. Mbele Baba alikuwa anaona vizuri, ila pembeni palikuwa pameshafungwa, na mbele nako kutafungwa. Dawa zingechelewesha, zisingerudisha kilichokwenda.

Ni mimi niliyemnyang'anya ufunguo. Niseme tu, maana nikilainisha nitakuwa nadanganya. Nilimwendea barazani nikanyoosha mkono, naye akautoa mfukoni akauweka kwenye kiganja changu. Niliuficha kwenye mkebe wa vikulabu vya mapazia. Pikapu tuliifunika turubai nyuma ya nyumba.

Tangu hapo akawa mtu wa baraza. Nyumba yetu iko ubavuni mwa kilima cha Naguru, mahali ambapo magari yanaposhuka kwenda mjini lazima yapunguze mwendo kwa ajili ya kona. Baba alikaa pale na kikombe cha chai ya tangawizi, akisikiliza. "Huyo anaua breki," alisema. Au, "Yule ni dereva. Umesikia alivyoshusha gia? Kabla ya kona. Si ndani ya kona." Mimi nilisikia kelele tu.

Basi nikawaza hivi. Miaka yote ile mtu huyu alipita katika sehemu nzuri kuliko zote ambazo watalii hulipa kuziona, na hakuona kitu, kwa sababu jicho la dereva linakaa barabarani. Sasa macho yanamwacha. Nina gari dogo zuri, lenye gia za kujibadili zenyewe. Nikimkalisha pembeni yangu kwa wiki moja, atazame tu, atakuwa amelipwa anachodai. Wazo hilo lilinichoma. Nilikuwa nafunga mapazia ya wateja huku naona korongo.

Tulianza kuchagua njia. Kila Jumapili alasiri nilifungua ramani ya simu kwenye meza ya kulia chakula. Yeye herufi ndogo zilishamshinda, kwa hiyo nilimsomea.

Ya kwanza nilipendekeza njia ya kupitia Kapchorwa, kuzunguka bega la Mlima Elgon, kuvukia Suam na kutokea Kitale. Wanasema lami ni mpya na maporomoko ya maji yanaonekana ukiwa ndani ya gari.

"Hiyo mimi siijui," alisema. "Na ukungu iko huko. Mchana iko, jioni iko."

Ikaondoka Kapchorwa.

Jumapili iliyofuata nilikuja na Marich, kule ambako barabara ya Lodwar inajipenyeza kati ya milima na kushuka kwenye joto. Hiyo aliijua. Aliwahi kupeleka mahindi Lodwar mwaka wa njaa. Aliniuliza mteremko unaanzia wapi hasa, kabla au baada ya daraja, na kama bado kuna mahali pa kusimama juu. Kwa sababu Baba hakuwahi kuanza mteremko mrefu bila kusimama. Ilikuwa desturi yake: analiegesha trela juu kabisa, anashuka, anazunguka, analigusa kila tairi kwa kiganja kama mtu anayepima joto la mtoto, anapanda tena, anasema bismillahi, na anaingiza gia ileile ambayo angeipandia kilima hicho. Ndipo anaachia.

"Soma kona," aliniambia.

"Inapinda kushoto," nilisoma, kidole kwenye simu. "Sasa kulia. Tena kulia. Hapa inajikunja kabisa, Baba, inarudi ilikotoka."

Alifumba macho kusikiliza. Nilidhani yanamuuma. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unanyooka chini ya meza, unarudi, unanyooka tena, na nilidhani ni mishipa. Kesho yake nilimnunulia dawa ya kuchua, akaipokea akaniambia ahsante.

"Marich wakati wa mvua mawe inaanguka," alisema tulipomaliza. "Tutafute ingine."

Jirani yangu Mkenya akaleta njia ya kwao. Iten hadi Tambach, chini kabisa hadi mto Kerio, halafu juu tena upande wa pili hadi Kabarnet. Aliniandikia kwenye kipande cha katoni mahali pa kusimama, nani ana chai nzuri, na wapi usinunue asali. "Haki ukifika pale juu nipigie," alisema. "Usiseme kitu. Niweke tu kwenye spika nisikie upepo."

Nilimsomea Baba kona zote za Tambach, na zilituchukua alasiri nzima. Alisafirisha saruji mpaka Kabarnet, mara tatu, alikumbuka hata kona ambayo mbuzi wa watu hulala kwenye lami. Nilifurahi, nikajua hii sasa tumeipata. Akafumbua macho akasema kona zinabana sana, hakuna pa kupozea breki.

"Baba, tuna gari dogo. Si trela."

"Breki ni breki."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, Jumapili baada ya Jumapili. Nilimwona mzee msumbufu tu, mwenye kasoro ya kila kitu. Wakati huohuo niliuona mwisho ukija. Alianza kumimina chai nje ya kikombe. Alianza kunisalimia mimi akielekea mlango. Nilikuwa na hofu mchana kutwa, na niliigeuza kuwa haraka, kama kawaida yangu.

Mwishowe nikaamua mwenyewe. Nilichagua Mai Mahiu.

Mai Mahiu ndiyo njia yake. Hapo ndipo matrela yenye mzigo yanapotoka Limuru na kushuka Bonde la Ufa yakija kwetu. Aliishuka mara ngapi hata yeye hajui. Nilitazama ramani na picha mpaka nikahakikisha jambo moja: ukishuka, bonde lote liko mkono wa kushoto. Dereva yuko kulia, ana ukuta wa mlima na matrela yanayopanda. Anayeona ni wa kushoto. Tungekwenda moja kwa moja kwa njia ya Malaba, tulale Nakuru, tulale Limuru, na asubuhi ukungu ukishaondoka tushuke polepole, tukisimama kila penye wauza ngozi za kondoo. Siku mbili za barabara kuu kwa ajili ya saa moja.

Nilimweleza Baba huku nimesimama, kwa furaha. "Miaka yote ile bonde lilikuwa kushoto kwako na hukuliona. Safari hii mimi nashika usukani, wewe unakaa kushoto. Kazi yako ni kutazama."

Alitafuta kasoro. Nilimwona akitafuta. Ukungu, nilishasema tutausubiri. Mvua, ilikuwa imeisha. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa meza.

"Kale," alisema, yaani sawa.

Nilinunua chupa ya chai, mto wa shingo, bima ya kuvukia mpaka. Nilimshonea hata pazia dogo la dirisha la gari, jua lisimpige. Siku tatu kabla ya safari, baada ya swala ya asubuhi, akaniambia haendi.

Nililipuka. Mimi si mtu wa kuhesabu moja mpaka kumi. Nilimwambia amenichezea, nimebembeleza barabara baada ya barabara kama mtu anayetafuta mchumba, kila moja ina chongo. Nikamwambia, "Macho hayakungoji, Baba! Kama hutaki kukaa na mimi ndani ya gari, sema, kuliko kuwasingizia mbuzi wa Tambach." Nilisema na mengine. Nikikumbuka nasikia moto masikioni.

Alisubiri nimalize. Alikuwa na subira ya mtu aliyekaa foleni ya mpakani siku nne.

"Wewe umenipa kiti ya kushoto," alisema.

Basi. Nikatoka nikaubamiza mlango, nikaenda Owino.

Siku ile nilipima pazia la mteja mara mbili nikalikata vibaya mara zote mbili. Jirani yangu wa mashuka alinivuta akaniketisha kwenye robota lake, nami nikamwaga yote, nikamalizia na kile kiti cha kushoto, kwamba mzee sasa anadai hata kiti. Alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kukunja.

"Mimi nikienda kwetu," alisema, "wananiwekea kiti cha mgeni. Kile cha kitambaa. Dada zangu wako jikoni, wanacheka, wanasonga ugali. Nikisimama niwasaidie wananiambia, kaa, wewe umetoka mbali, pumzika. Nakaa pale na chai yangu. Ile nyumba niliisinga udongo mimi kwa hii mikono. Haki hapo ndipo nalia."

Niliinuka nikafunga kibanda. Ilikuwa saa nane mchana na wateja walikuwepo.

Nilifika nyumbani kimyakimya, nikasimama kwenye kona ya nyumba ambako yeye hangeweza kuniona, na hata kama ningesimama mbele yake sijui kama angeniona. Juu ya kilima lori la mchanga lilikuwa linaanza kushuka. Lilinguruma, likasita. Mguu wa kushoto wa Baba ukanyooka, ukakanyaga saruji ya baraza, na mkono wake wa kushoto ukafumba juu ya kitu ambacho hakikuwepo, ukakivuta kuelekea kwake. Lori likashusha gia wakati huohuo. Akaachia mguu polepole. Uso wake ulikuwa wa kijana.

Nikaikumbuka ile dawa ya kuchua. Nikazikumbuka Jumapili zote, jinsi alivyofumba macho na kusema soma kona, na jinsi nilivyokuwa nasoma harakaharaka ili tumalize, nikimkimbiza kwenye miteremko kwa kidole. Alikuwa anaziendesha. Kila njia tuliyoichagua aliiendesha mpaka chini, pale mezani, na akishafika aliikataa ili tusije tukaenda kweli, akakalishwa pembeni. Mimi nilidhani bonde ndilo lililomponyoka. Yeye alichokitamani ni ule mteremko. Na mimi, mwanawe, ndiye niliyeuweka kwenye mkebe wa vikulabu.

Niliutoa ufunguo. Ilibidi nimwite fundi, betri ilikuwa imekufa na panya walikuwa wameshajenga. Jumapili asubuhi turubai likaondoka. Baba alitoka amevaa kofia yake na koti la safari, nikajua fundi amemwambia. Aliizunguka pikapu, mkono ukifuata bati, akainama akaligusa kila tairi kwa kiganja. Alipofika mlango wa dereva alisimama. Kisha akaendelea kuzunguka, akafungua wa kushoto, akaingia mwenyewe.

Mimi gari la gia za mkono nilifunzwa zamani nikalisahau kwa hiari. Tulipanda hadi juu Naguru kwa aibu kubwa, likizimika, vijana wa bodaboda wakitupigia honi na kutupa ushauri.

"Wawache wapige," alisema Baba. "Sisi tuko na mzigo."

Juu kabisa akaniambia nisimame. Tukasema bismillahi. Akanyoosha mkono wake wa kulia akaushika mti wa gia. Maisha yake yote aliubadili kwa kushoto. Mkono wa kulia ulitafuta kidogo, ukapata. "Wewe shika usukani na klachi," alisema. "Hii niachie mimi. Nikisema, kanyaga."

Tulishuka hivyo, watu wawili tukiendesha gari moja. "Kanyaga," anasema, nakanyaga, mkono wake unavuta, injini inanguruma na kutuzuia, na breki sikuigusa. Alikuwa anazisikia kona kabla sijaziona. Tulipofika chini nikazima injini. Akasema nimeachia klachi vibaya mara nne, akazitaja zote.

Kenya hatukwenda. Jirani yangu wa mashuka bado ananidai upepo wake. Macho sasa yamebaki na mwanga na giza basi. Lakini kila Jumamosi Baba anachagua njia, na sasa hana kasoro nazo. "Kesho Tambach," anasema. Au Marich. Hata Suam ambayo haijui, akasema tuijaribu. Na Jumapili asubuhi, kabla magari hayajawa mengi, tunapanda Naguru, tunasimama, anagusa matairi, na kilima chetu kifupi kinakuwa njia aliyoitaka. Nimejifunza kushuka taratibu sana, ili kirefuke.

Jumapili iliyopita ilikuwa Mai Mahiu. Tulikuwa katikati ya mteremko, gia ya pili, mkono wake juu ya mti wa gia, dirisha lake wazi.

"Sasa bonde iko hapa kushoto," alisema. "Unaiona?"

Kushoto palikuwa na ukuta wa matofali, kamba ya nguo za watu, na mabati yanayoshuka hadi bondeni, na baada ya mabati Kampala yote, jua likiwa limeanza kuipata. Nilitazama kwa muda.

"Naiona, Baba. Ni kubwa sana."

"Walisema ni kubwa," alisema. Mkono wake ulibaki pale pale kwenye gia. "Wewe usiangalie huko. Angalia barabara."